Upande wa Pili wa Kitabu

Nilipewa darasa la tatu katika shule moja ya msingi pale Bondeni, na wiki ya kwanza nilidhani nimeangukiwa na bahati. Watoto walisoma. Walisoma kwa sauti moja, kwa mahadhi, vidole vikitembea juu ya mistari, na mtu aliyepita nje ya dirisha angesimama kusikiliza. Nilirudi nyumbani Kibokoni nikamwambia mama kwamba mwalimu aliyenitangulia, ambaye alikuwa amehamishwa, alishafanya kazi yote. Mimi kilichonibakia ni kuketi.

Wiki ya pili nikasimama kando ya msichana mmoja mdogo wa safu ya mbele, mwenye pengo la meno mawili, aliyekuwa akisoma hadithi ya treni. Nilitaka arudie hadithi ya kuku iliyokuwa mwanzoni mwa kitabu, basi nikamfunulia ukurasa. Picha ilikuwa ya kuku na vifaranga, kidole kilikuwa juu ya kuku, lakini yeye aliendelea kunisomea habari za treni. Nikakifunga kitabu. Hakusita. Alisoma kitabu kikiwa kimefungwa mpaka treni ikafika Voi na abiria wakashuka kununua ndizi.

Nikawajaribu wengine mmoja mmoja, na siku ile sikula chakula cha mchana. Wachache mno, wale wakubwa waliokuwa wakilirudia darasa, waliweza kuunganisha herufi kwa taabu. Waliobaki walikuwa wamekihifadhi kitabu kizima, tangu jalada hadi jalada, na hawakuwa na habari kwamba kusoma ni jambo jingine. Wala hawakuwa wakinidanganya. Kila alasiri watoto hawa huenda chuoni kusoma Kurani, na huko mtoto aliyehifadhi husifiwa mbele ya wazazi. Shuleni nako vitabu vilikuwa vichache, kimoja kwa watoto wanne au zaidi. Mwalimu alisoma mstari, wao wakaitikia, na kila mtu akaenda kwao ameridhika.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Alikuwa mama wa kutoka bara, Mkristo mshika kanisa, aliyefundisha kisiwani miaka mingi kuliko umri wangu. Kiswahili chake kilinyooka kama mistari ya daftari na hakikuwa na nafasi ya visingizio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha kwamba mimi sikuwa nimeajiriwa na serikali, nilichukuliwa na kamati ya wazazi kwa muhula mmoja wa majaribio, na kwamba kila mwalimu mpya humlaumu aliyemtangulia.

“Siku ya mwisho ya masomo nitakuja na kitabu ambacho hawajakiona,” akasema. “Nitachagua mtoto mmoja mimi mwenyewe. Akisoma, tutazungumza habari ya muhula ujao. Asiposoma, tutaagana vizuri.”

Mimi nina hasira za karibu. Mama huziita hasira za maziwa, ukigeuka tu zimeshamwagika jikoni. Siku hiyo nilizizuia mpaka nikafika nyumbani, nikazimwaga zote mbele yake, na zilipokwisha nikasema kwamba sitoki. Nilikuwa nimeitaka kazi hii tangu nikiwa na umri wa watoto wale wale, na kama ni kusomeshwa, watasomeshwa. Mama akaniuliza nitawasomesha vipi.

Walimu wenzangu walikuwa watu wema, lakini wamechoka. Mmoja alinishauri niwashughulikie wale wachache wanaojua na hao wengine niwaombee dua. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenifundisha kuandaa somo kwa watoto wasiojua kitu. Hakikunifundisha nifanye nini na watoto wanaodhani wanajua.

Msaada ulinijia kutoka mahali ambapo sikujua hata jina lake. Rafiki yangu mmoja, Mtaita niliyesoma naye chuo cha ualimu, alikuwa ameukimbia ualimu mapema akawa karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Alikaa Likoni, akivuka kila asubuhi pale Feri, na ofisini kwao kulikuwa na kompyuta yenye barua pepe. Wakati ule hicho kilikuwa kitu cha ajabu, watu walikizungumzia kama jamaa aliyerudi kutoka Ulaya. Aliniambia kwamba amegundua kikundi cha walimu wapya wa nchi nyingi, pamoja na wakongwe kadhaa wa kuwashika mkono. Ukiandika ujumbe mmoja huwafikia wote, na jibu la mmoja husomwa na wote. Bosi wake alituruhusu kutumia mashine saa ya chakula, mradi tusiishikilie laini ya simu.

Nikaenda, nikaketi kando yake, naye akaweka vidole tayari akaniambia nitaje shida yangu.

“Nianze na shida kabla ya salamu?” nikamwuliza.

“Mwenzangu, hii ni kompyuta.”

“Na huko mwisho wa waya kuna watu.”

Nilikuwa sijawahi kuingia nyumba ya mtu bila hodi, na sikuona sababu ya kuanza siku hiyo. Nikamtajia salamu, naye akazipiga kwa Kiingereza. Niliwauliza wote hali zao, hali za watu wa nyumbani kwao, wazee wao, kazi, na mvua au jua la huko waliko. Nikawajulisha kwamba mimi sijambo na mama yangu hajambo. Nikawaomba wanisalimie walimu wenzao. Mwisho nikasema kwamba nina haja, ila inshallah nitaileta nikishasikia kwamba wao ni wazima. Rafiki yangu alikitazama kioo kama mtu aliyepewa dawa chungu.

“Haja yenyewe huitaji?”

“Siku ya kwanza ni ya kujuana.”

Akautuma. Niliporudi alikuwa amechapisha majibu, na yalikuwa rundo. Watu wa nchi ambazo nilizijua kwa ramani tu walikuwa wamenijibu kwamba hawajambo. Mwanamume mmoja alinieleza maradhi ya nyonga ya mama yake kwa urefu. Mwalimu mmoja kijana alisema kwamba tangu aanze kazi hakuna aliyemwuliza habari za nyumbani, na kwamba amelia. Msimamizi wa kikundi, kwa adabu lakini kwa ukali, alinikumbusha kwamba kikundi ni cha mambo ya kufundisha, na sasa kila mtu anajibu salamu na kila jibu linamwendea kila mtu. Rafiki yangu alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi niliona aibu, kisha nikaona hasira, kisha nikayasoma tena yale majibu nikaona furaha.

Katika rundo lile kulikuwa na ujumbe mmoja uliokuwa tofauti. Ulitoka kwa mwalimu wa kike, mtu mzima, wa kisiwa kidogo kaskazini kabisa mwa Uskoti. Alikuwa amejibu salamu zangu zote kwa taratibu, moja baada ya moja. Yeye hajambo, mumewe hajambo ila magoti, mama yake alishafariki, kazi inaendelea, mvua haijakatika tangu Jumapili. Aliniuliza nami za kwangu. Alisema kwamba kwao pia kisiwani mgeni hupewa chai kwanza. Kisha akaandika, “Sasa niambie kilichokuleta.”

Nikamweleza, na wote wakasoma. Ushauri ulikuja, na mwingine ulinitia wazimu. Mmoja aliniambia niweke herufi za sumaku kwenye mlango wa jokofu la darasa. Mwingine, kila mtoto achague kitabu akipendacho katika maktaba ya shule. Mwingine, wazazi wawasomee watoto hadithi kabla ya kulala. Niliyasoma haya nikatamani kuwaonyesha kabati yetu, ambayo ndani yake mlikuwa na chaki, mpira uliopasuka na kengele ya zamani. Lakini walikuwapo walioandika tu kwamba nao muhula wa kwanza walijifungia chooni wakalia, na bado wanafundisha. Karatasi hizo nilizibeba mkobani. Sikujua kwamba nilikuwa na upweke kiasi kile mpaka watu wa mbali waliponiambia kwamba wao pia.

Yule bibi wa Uskoti hakunipa ushauri. Aliniuliza swali moja tu, ni nani aliyekufundisha wewe kusoma?

Nilimwuliza mama jioni ile, ingawa nilijua. Mama alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

“Si ni yule binti wa nyumba ya pili,” akasema. “Chuoni mwalimu yuwawasikiza wangapi peke yake? Kila mkubwa hupewa mdogo wake. Wewe ulisomeshwa na mtoto mwenzio, na viboko vyake ulivila.”

Kweli. Nilimkumbuka vizuri, alikuwa mkubwa wangu kwa miaka michache tu. Tuliketi kwenye mkeka tukitazamana, juzuu katikati, imeelekea kwangu, na yeye akinifuata kutoka upande wa pili kwa sababu alishaijua. Mwalimu alipita akisikiliza. Nikamwandikia yule bibi haya yote. Jibu lake lilikuwa fupi. Katika shule yake kulikuwa na chumba kimoja, mwalimu mmoja na watoto wa kila umri, na yeye hajawahi kufundisha namna nyingine yoyote. Basi unajua, akasema. Anza kesho.

Nikaanza kesho yake. Niliwachukua wale wakubwa wanaosoma kwa taabu, nikawafanya wasomeshaji, kila mmoja nikampa watoto wake. Waliotazamwa kama wajinga wa darasa kwa kulirudia wakajikuta wana wanafunzi, na usinione nazidisha, walianza kuja wamechana nywele. Vile vitabu nikavifungia kabatini, kwa kuwa hadithi ya treni ilikuwa imeshakuwa wimbo. Badala yake niliandika sentensi zangu mwenyewe nyuma ya karatasi za kalenda za zamani, mpya kila siku, ili pasiwe na cha kuhifadhi. Niliandika habari zao wenyewe. Mbuzi wa jirani ameingia dukani. Maji yamekatika tangu jana. Mwalimu amevaa viatu vya kijani. Hiyo ya viatu ilinigharimu nusu ya kipindi, kwa vile kila aliyefaulu kuisoma alitaka kuchungulia chini ya meza.

Kelele zilikuwa kubwa. Mwalimu wa darasa la pili, ukuta kwa ukuta nasi, alipeleka malalamiko, na mwalimu mkuu akapita dirishani, akatazama, akaenda zake. Nilikosa raha. Nikaandika kikundini kwamba huenda nimekosea, na msimamizi yule yule mkali akanijibu wa kwanza. Alitaka kujua ni kelele za namna gani, za mchezo au za kazi. Siku iliyofuata nilisimama katikati ya darasa nikafumba macho nikasikiliza. Zilikuwa za kazi. Niliacha kuogopa, na mwalimu wa darasa la pili nikampelekea kaimati tamu alizokaanga mama.

Yule msichana mwenye pengo nilimweka na msichana mmoja mkubwa, mwenye amri nyingi, aliyependa kuitwa mwalimu. Benchi lao lilikuwa fupi, wakawa wanaketi kutazamana, meza katikati yao. Kwa majuma nilikata tamaa naye. Halafu asubuhi moja nilikuwa nimeinama nyuma ya yule mkubwa, natazama karatasi juu ya bega lake, nikamwona mdogo ameweka kidole juu ya neno, anahangaika nalo, analitema silabi moja moja, na neno ni lile lile lililoandikwa. Nikampa la pili, akalipata. Nilimbusu kichwani mbele ya darasa zima. Jambo moja tu lilinitatiza, kwamba nikimwita ubaoni hunyamaza na kuinama. Nikadhani anaona haya.

Wiki ya mwisho ya muhula nilikwenda ofisini kwa rafiki yangu kila siku, na kutoka Uskoti hakukuwa na kitu. Wengine waliniandikia, wakaniambia siku hiyo watatukumbuka, na mmoja akaomba jina la Mungu niliyemzoea ili anitaje kwake. Lakini yule niliyemtaka alikuwa kimya. Mwalimu mwingine wa huko huko akatujulisha kwamba kuna dhoruba, meli ya kwenda kile kisiwa imesimama na simu hazipiti. Nilijikuta namwonea wasiwasi mwanamke ambaye sijui sura yake, na kujionea wasiwasi mimi, vyote kwa pamoja. Nilirudi Bondeni kwa miguu, nikajiambia kwamba alichonipa nimeshakipokea, na darasani hata simu ingepita ningeingia peke yangu.

Mwalimu mkuu alikuja kama alivyosema. Aliniomba nisimame nyuma na nisinene. Akatoa mkobani kitabu kipya, karatasi zake bado zinanukia duka, akatembea polepole kati ya meza. Wasomeshaji wangu walikuwa wamenyoosha shingo, kila mmoja akitaka achaguliwe yeye. Aliwapita wote. Alimwona yule mwenye pengo, aliyekuwa amejificha nyuma ya mgongo wa msomeshaji wake, akamwita mbele.

Katika darasa zima nisingemchagua huyo wa kusimama mbele.

Akapewa kitabu. Akakifungua, akakitazama. Akakitazama tena, midomo ikichezacheza bila sauti, na nikaona macho yake yanatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mwalimu mkuu alingoja, na katika kungoja kwake hakukuwa na ubaya wowote, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Nilishaanza kuagana na lile darasa moyoni, na ubao wake wenye ufa, na zile meza.

Kisha mtoto akakigeuza kitabu juu chini.

Nyuma kuna aliyecheka. Mwalimu mkuu akanigeukia, akasema kwa upole, “Mwalimu, huyu hajui hata kitabu kinavyoshikwa.”

“Pa-ka,” mtoto akasema. “Paka wa sha-nga-zi. Paka wa shangazi a-me-la-la. Amelala ju-u ya mche-le.”

Mwalimu mkuu akainama kutazama. Picha ilikuwa ya paka, miguu juu, na gunia limening'inia angani. Akakichukua kitabu, akakigeuza sawasawa, akamrudishia. Mtoto akanyamaza. Akamgeuzia tena juu chini, na mtoto akaendelea na shangazi aliyekuja na ufagio. Mwalimu mkuu akatafuta mwenyewe ukurasa mwingine, wa mwisho kabisa, akaushikilia juu chini kwa mikono yake miwili mbele ya uso wa mtoto kama anayemshikia kioo. Mtoto akausoma. Polepole, akijikwaa, akirudi nyuma, lakini akausoma.

“Wewe huketi wapi?” mwalimu mkuu akamwuliza.

Mtoto akaenda akaketi mahali pake, akitazamana na msomeshaji wake, na hapo ndipo mimi na mwalimu mkuu tulipoona kwa pamoja. Karatasi ilikuwa bado mezani. Ilikuwa imeelekea kwa yule mkubwa. Chuoni kwetu msomeshaji alikwisha kuijua juzuu, angeweza kuifuata hata kwa upande wa pili, hivyo mdogo ndiye aliyeelekezewa. Wasomeshaji wangu walikuwa hatua moja tu mbele ya wanafunzi wao. Yule mkubwa aliihitaji karatasi imwelekee yeye, na mdogo, asiyewahi kushika kitabu chake peke yake, alisoma kile alichopewa kukiona. Haikuwa haya iliyomnyamazisha ubaoni. Ubao ulikuwa umeandikwa kinyume.

Nilitaka kucheka na kulia, nikabana midomo kwa kuwa nilikuwa nimekatazwa kunena. Mwalimu mkuu aliitazama karatasi iliyokuwa mezani, kisha kitabu mkononi mwake. Alikuwa mtu wa haki, na kile kilichotokea hakikuwa kitu ambacho mtoto angeweza kukihifadhi. Kitabu kilitoka kwenye mkoba wake mwenyewe.

Hakukirudisha mkobani. Akaja nilipokuwa, akakiweka mezani pangu.

“Muhula ujao,” akasema, “anza na kushika kitabu.”

Akatoka. Nilihitaji muda kuyaelewa maneno hayo mawili ya kwanza. Nilipoyaelewa nikaketi, na watoto wakadhani naumwa.

Saa ya chakula nilikwenda mbio mpaka ofisi ya mizigo, mtandio ukinipepea na watu wa barabarani wakinipisha. Rafiki yangu aliponiona aliacha kula, akavuta kiti, akaweka vidole tayari. Alisema kwamba Uskoti simu zimerudi asubuhi ile, wote wazima, na yule bibi ameniulizia. Akakohoa, akaanza kupiga mwenyewe bila kuambiwa, kwa kuwa alishanizoea: natumaini nyote hamjambo, na jamaa zenu, na wazee.

“Futa,” nikamwambia. “Andika kwamba amesoma.”

“Na salamu?”

“Salamu baadaye.”